Maswali ya Wasomaji: Nibadilishane Premio Yangu kwa Forester ya Turbo Yenye Kilomita 214,000?

Mwezi huu ukurasa wote tumeuachia jambo moja, kwa sababu barua tatu zilizotufikia kutoka Uyole, Iringa na Makambako zinauliza, kila moja kwa upande wake, kuhusu kubadilishana au kununua gari lenye nguvu lililokwisha kutembea sana. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa kuwa mwandishi wake bado hajakabidhi funguo.

SWALI

Mshauri wetu wa magari, shikamoo. Mimi ni bwana shamba, ninaishi Uyole hapa Mbeya, nina mke na watoto wawili. Ninatumia Toyota Premio ya mwaka 2006, cc 1,500, namba C, ambayo nimekaa nayo miaka mitano na haijawahi kunilaza njiani. Kuna kijana wa mtaa wa Soweto hapa Mbeya anayeuza Subaru Forester ya turbo ya mwaka 2005, cc 2,000, ya gia za kukanyaga klachi, namba D, na dashibodi yake inasoma kilomita 214,000. Amesema Premio yangu anaichukua kwa Sh milioni 11 na Forester yake ni Sh milioni 15, kwa hiyo nimwongezee Sh milioni 4 tukabidhiane. Kazi yangu hunipeleka Tukuyu na Busokelo karibu kila wiki, na wakati wa masika Premio hukwama kwenye matope. Lakini nisiseme uongo: tangu nilipoliendesha gari hilo kupanda Kawetere kwa barabara ya Chunya, sijalala vizuri. Mke wangu anasema kilomita hizo ni nyingi mno, fundi wangu anasema Subaru ni gari la kula pesa, na muuzaji anasema injini ni ileile iliyotoka nayo Japani, haijaguswa. Nimsikilize nani? Ndaga fijo (asante sana).

Bwana shamba, Uyole, Mbeya

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimefurahi kwamba hukuficha habari ya usingizi. Wengi wanaoniandikia husema wanataka gari la turbo kwa ajili ya barabara mbaya, na baada ya miezi sita ndipo wanapokiri kwamba barabara ilikuwa kisingizio. Kupenda gari si kosa, nami ni mmoja wa wanaoyapenda magari haya kwa moyo wote. Ila mapenzi yahesabiwe peke yake na haja ihesabiwe peke yake, kwa sababu muuzaji hodari huvichanganya hivyo viwili ili ulipie vyote kwa mpigo mmoja.

Matope ya Busokelo hayahitaji turbo. Yanahitaji gari lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye tairi zisizo vipara, na hayo yote unayapata katika Forester ya umbo lilelile isiyo na turbo, ambayo ni nyepesi zaidi kuitunza. Kama ungeniuliza haja peke yake, ningekuambia utafute hiyo na tungeishia hapo. Lakini najua kwamba haitakupandisha Kawetere kama hii ilivyokupandisha, na sababu yake ni ya kweli kabisa. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi. Premio yako haijaonja nguvu zake zote tangu ilipovuka Kitonga ikitoka bandarini. Turbo huishindilia injini hewa ile iliyopungua, ndiyo maana ulihisi tofauti ambayo mtu wa pwani asingeihisi kwa ukubwa huo. Hata hivyo, ili kuujaza upungufu huo, turbo ya huku juu huzunguka kwa kasi zaidi na kupata joto kali zaidi kuliko ya Dar es Salaam, na ya gari hilo imefanya kazi hiyo kwa miaka ambayo wewe huna habari zake.

Tuje kwenye kilomita. Mkeo ana haki ya kuiogopa namba 214,000, ingawa mimi ningeogopa zaidi gari hilohilo kama lingesoma 98,000 bila ushahidi wowote. Namba za dashibodi hurudishwa nyuma kwa muda mfupi tu, na gari la mwaka 2005 linalosoma chini ya laki moja lina mengi ya kujieleza. Anayekuonyesha laki mbili na ushei huenda ni mkweli, na ukweli huo tunaweza kuufanyia kazi. Fungua boneti, utazame kwenye kifuniko cha plastiki kilicho mbele ya injini, kisha ufungue mlango wa dereva utazame kwenye fremu yake. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika stika ndogo inayoonyesha kilomita na tarehe ambayo mkanda wa taimingi au oili ilibadilishwa. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao ya kifalme, kwa mfano H25. Ongeza 1988 juu ya 25 nawe utapata 2013. Karatasi hiyo iliyochakaa, yenye alama ya kidole cha grisi pembeni, ina thamani kuliko maneno yote ya dalali.

Hapo ndipo sifa aliyokupa muuzaji iliponitia hofu. Mkanda wa taimingi wa injini hiyo, unaozifanya valvu na pistoni zifuatane, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni na injini huharibika palepale, bila onyo na bila nafasi ya kusogea pembeni kwa utaratibu. Gari lililofika 214,000 lilipaswa kubadilishiwa mkanda mara mbili, na mara ya pili huenda ingekuwa hapa nchini, mikononi mwa kijana huyo au mwenye gari aliyemtangulia. Sasa anaposema kwa fahari kwamba injini haijaguswa, ama hajui anachokisema, ama mkanda uliomo umepitisha muda wake. Muulize swali moja tu: nani aliubadilisha, na lini? Akikutajia gereji, nenda kaulize. Akikosa jibu, hesabu kwamba haukubadilishwa, na kwamba siku utakayolichukua gari hilo halitatoka Mbeya mpaka uwe umenunua mkanda, tenshona (kikazio chake) na beringi zake zote, pamoja na pampu ya maji, ambayo huzungushwa na mkanda huohuo na ni upuuzi kuiacha ya zamani wakati kazi imekwisha kufunguliwa.

Jambo la pili ni oili, na hapa naomba nikusimulie yangu. Mwaka 2013 nilinunua gari la turbo la aina hiyo, lililokuwa limetembea kama kilomita 160,000, kutoka kwa mtu aliyenihakikishia kwamba halili oili hata tone. Nililipenda mno. Mwezi wa pili nilikuwa narudi kutoka Dar es Salaam. Pale Ruaha Mbuyuni nikasimama, nikanunua vitunguu, nikajaza mafuta, lakini sikukivuta kijiti cha oili. Katikati ya mlima wa Kitonga, nikiwa nyuma ya lori la mizigo, kwenye kona ya kulia taa nyekundu ya oili iliwaka kwa muda wa kupepesa jicho, ikazimika. Nilipaswa kusimama hapohapo. Niliendelea kona tatu zaidi, na kwenye ya tatu nikaanza kusikia sauti chini ya miguu yangu, kama ya mtu anayegonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria, ikifuata mguu wangu kila nilipokanyaga mafuta. Niliposimama na kukivuta kijiti, kilitoka kikavu hadi ncha. Oili ilikuwa imeliwa taratibu tangu siku niliyolinunua, na iliyobaki ilikimbilia upande mmoja kwenye kona, beringi za krenkishafti zikasagana zikiwa kavu. Injini ya mtumba pamoja na kazi ya fundi vilinigharimu karibu nusu ya bei ya gari lenyewe.

Kwa hiyo nenda kwa huyo kijana saa moja asubuhi, na umwombe asiwashe gari kabla hujafika. Baridi yetu ya Juni na Julai ni rafiki wa mnunuzi. Weka kiganja juu ya injini uhakikishe ni ya baridi kweli, kwa maana muuzaji aliyeiwasha alfajiri ana anachokificha. Vuta kijiti cha oili gari likiwa mahali tambarare. Kisha mtu mwingine awashe, wewe ukiwa umesimama nyuma ya eksozi. Moshi mweupe wa mvuke unaopotea baada ya dakika chache ni wa baridi tu. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Na moshi wa bluu ni oili inayoungua. Gari likishapata moto, liache lingurume bila kukanyagwa, yaani kwenye silensa, dakika tano, kisha likanyagwe ghafla mara moja. Wingu la bluu likitoka hapo, turbo inavujisha oili au mipira ya valvu imechoka. Mwulize pia fundi wako kama anajua kichujio kidogo cha wavu kilichomo ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, kwani katika injini nyingi za jamii hii kichujio hicho huziba taratibu na kuinyima turbo oili, na mafundi wengi hawajui kama kipo.

Kwa upande wa mfumo wa kuvuta kwa magurudumu manne, tafuta uwanja mkavu, kunja usukani hadi mwisho, uliache gari lizunguke polepole. Likijikokota au kukukuruka kama linalovutwa nyuma, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imeumia. Mara nyingi huumia kwa sababu mwenye gari alinunua tairi mbili mpya na kuziacha mbili zilizolika, na magari haya hayavumilii tofauti hiyo. Zote nne lazima ziwe za aina moja na zilizolika sawasawa. Bushi, boljointi na shokapu hazinisumbui sana. Hizo ni pesa, lakini ni pesa zinazohesabika, na barabara za Rungwe zingezila hata zikiwa mpya.

Sasa mafuta. Tufanye unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, na lita moja ni Sh 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, ingawa unajua bei kikomo ya EWURA hubadilika kila mwezi na ya Mbeya huwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Premio ikikupa kilomita 13 kwa lita, unatumia lita 115. Forester ya turbo, kwa milima yetu, uipe kilomita 8 kwa lita, nayo itakunywa kama lita 188. Tofauti ni zaidi ya Sh 215,000 kila mwezi, yaani zaidi ya Sh milioni 2.5 kwa mwaka. Tena tangu mwaka wa fedha 2017/18, ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa na tozo kuongezwa kwenye mafuta, anayetumia mafuta mengi ndiye anayelipa zaidi. Zaidi ya hayo, injini hiyo ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, na inayouzwa katika vituo vyetu vingi haifikii daraja hilo. Ukilikanyaga sana kwenye mlima mrefu kwa petroli ya kawaida, mafuta hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, na kazi hiyo ikirudiwa kwa miaka ndiyo inayovunja kingo za pistoni.

Naja kwenye mabadilishano yenyewe, ambayo nadhani ndipo unapopunjwa. Mtu anapokutajia bei mbili, ya gari lake na ya gari lako, bei zote mbili ni maneno. Fedha halisi ni ile tofauti ya Sh milioni 4. Anaweza kuipandisha Premio yako hadi milioni 13 akufurahishe, na kuipandisha Forester hadi milioni 17, nawe ukatoa kiasi kilekile. Mwambie hivi: ningekuletea fedha taslimu bila Premio, ungeniuzia kwa shilingi ngapi? Akisema milioni 13, basi ujue kwamba Premio yako, gari la miaka mitano bila kulala njiani, ambalo jirani yako yeyote wa Uyole angelinunua kabla ya jioni, ameithamini milioni 9.

Kwa masharti aliyokupa, usikubali. Hilo nalisema bila kusitasita. Ningekubali kama mambo matatu yangetimia: kwanza, asubuhi ile ya baridi ipite bila moshi wa bluu na bila sehemu ya chini ya injini kugonga, pili, gharama ya mkanda na vifaa vyake ikatwe kwenye bei, si kuahidiwa, na tatu, ubaki na angalau Sh milioni 3 zisizoguswa baada ya kulipa, kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Ukiwa huna hizo za sharti la tatu, hujafikia kumiliki gari hilo hata kama una uwezo wa kulinunua, na Premio ingali inakufaa. Fundi wako anaposema Subaru ni gari la kula pesa, anasema kweli kwa sababu huletewa magari ambayo wenyewe walimaliza akiba yao siku ya kununua.

Kabla hujamjibu muuzaji, mpe mkeo aliendeshe hadi Igawilo na kurudi. Na ukilichukua, ukifika juu ya mlima usilizime papo hapo. Liache lingurume dakika moja au mbili turbo ipoe, na kila Jumamosi asubuhi uanze na kijiti cha oili.

SWALI

Kamwene mshauri. Nimepata Subaru Impreza ya turbo hapa Iringa mjini, kilomita 187,000, nikampeleka fundi apime mgandamizo wa silinda kama ulivyowahi kutushauri. Kipimo kimesoma, kwa psi (kipimo cha shinikizo), 135, 132, 138 na 104. Muuzaji amenionyesha kitabu cha gari kinachotaka kuanzia 142, akasema tusishangae vyote kuwa chini, Iringa iko juu na hewa ni nyepesi. Je, ni kweli au ananizungusha?

Msomaji wa Kihesa, Iringa

JIBU

Kamwene, ndugu yangu. Amekuambia nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzuri kiasi kwamba inaweza kukubebesha nusu nyingine bila kuiona.

Ni kweli kwamba vitabu vya watengenezaji huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Iringa mjini ipo kwenye mita kama 1,600, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 83 ya lile la pwani, na silinda inayovuta hewa kidogo itagandamiza hewa kidogo. Ukichukua 142 ya kitabuni na kuipunguza kwa kiwango hicho, unapata karibu 118. Kwa hiyo silinda zako tatu za kwanza, zenye 135, 132 na 138, ni nzima na hata zinastahili kusifiwa kwa umri huo. Nimewahi kuona injini nzuri zikikataliwa katika nyanda zetu hizi kwa sababu fundi alilisoma jedwali la kitabu na kusahau mlima aliosimama juu yake.

Lakini mlima hauchagui silinda. Hewa iliyo nyepesi kwa silinda ya kwanza ni nyepesi kwa ya nne, na huku juu kinachotazamwa ni usawa wa vipimo vyenyewe kwa vyenyewe. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 ni ya kutilia shaka. Yako inakaribia 25. Silinda ya nne ina tatizo, na katika injini hizi za turbo silinda hiyo ni miongoni mwa zinazoonekana mara nyingi zikiwa zimevunjika kingo za pistoni pale ringi zinapokaa.

Fundi anaweza kutaka kumimina kijiko cha oili ndani ya silinda na kupima tena, akitarajia kwamba namba ikipanda tatizo ni ringi. Njia hiyo ni nzuri kwa injini zilizosimama. Ya Subaru imelala ubavu, silinda mbili huku na mbili kule, hivyo oili hutuama upande wa chini na haizibi ringi kote. Omba badala yake apime kwa kuingiza upepo wa kompresa ndani ya silinda hiyo, valvu zikiwa zimefungwa, kisha asikilize upepo unatokea wapi. Fungua kifuniko cha kujazia oili, usogeze sikio. Ukiusikia unapumua hapo, ni ringi au pistoni. Ukitokea kwenye eksozi, ni valvu. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasket ya silinda hedi. Majibu yote matatu yanaweza kuwa na maana ya kuishusha injini, na kwa bei ya gari zima mimi singelichukua. Kama ni valvu, gari linaweza kujadiliwa, ila bei ishuke sana.

SWALI

Shikamoo mshauri. Mume wangu amekubaliana na mtu tubadilishane Noah yetu, ambayo mimi huitumia kupeleka viazi na parachichi sokoni, kwa Mark X yenye kilomita 230,000, naye mtu huyo atuongezee Sh milioni 2. Gari nimelipenda, sikatai. Ila kadi ya gari ina jina la mtu mwingine anayeishi Dodoma, na tuliyoonyeshwa sisi ni nakala tu, ile halisi inasemekana imehifadhiwa. Mume wangu anasema mimi nina wasiwasi wa bure.

Mama wa watoto watatu, Makambako

JIBU

Marahaba, mama. Wasiwasi wako si wa bure, na ningefurahi baba naye ausome mstari huu: nakala ya kadi si kadi. Sababu inayojulikana zaidi ya kadi halisi kutoonekana ni kwamba ipo kwa mkopeshaji, na gari lililowekwa dhamana linaweza kuchukuliwa mikononi mwenu hata kama mmelilipia kwa uaminifu. Mtu wa Dodoma aje mwenyewe na kadi halisi na kitambulisho chake, asaini mbele ya wakili. Simu na sauti yake havitoshi, na dalali hawezi kusaini kwa niaba yake bila hati ya kisheria ya kumpa mamlaka hayo.

Msisahau kwamba kubadilishana ni mauzo mawili, hata kama fedha inayoonekana ni moja. Kwa hiyo iwepo mikataba miwili, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kwa magari yote mawili. Noah ikibaki kwenye jina lenu, faini na ajali za mtu mwingine zitaendelea kuwatafuta. Kabla ya hapo, linganisheni namba ya chesisi iliyochongwa kwenye gari na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na muangalie kwa namba ya usajili kama gari lina deni la faini za barabarani.

Kuhusu gari lenyewe nitasema kidogo. Mark X ni gari zuri la barabara kuu, lakini liko chini, aghalabu linavuta kwa magurudumu ya nyuma, na halina mahali pa kuweka magunia ya viazi. Kama biashara yako inategemea Noah, muulize baba mzigo wa Jumatatu utapandishwa kwenye nini, na jibu lake mliandike pamoja na hesabu ya ile milioni 2, kwa sababu kukodi kirikuu (pikapu ndogo) kila siku ya soko kutaila mapema kuliko mnavyodhani.

Na kama baada ya hayo yote mtaamua kubadilishana, basi fanyeni asubuhi ya siku ya kazi, mkiwa karibu na ofisi ya TRA, na funguo ya akiba ya Noah ikae kwako wewe mpaka kadi halisi ya Mark X iwe mkononi mwako.